Mrina Asali wa Kwenye Televisheni

Katika ndoa yetu yote, sijawahi kumfanya mke wangu asahau saa. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue ninalolilia. Tulipokuwa wachumba nilikuwa nikimsindikiza akitoka soko la Kalamba, nami nina maneno matamu niliyoyapanga wiki nzima, na nikifika tu kwenye lile lililokuwa tamu zaidi, yeye anatazama kivuli cha mti kando ya njia na kusema, "Mama sasa anachambua mboga." Kisha anaondoka. Maneno yangu nabaki nayo mdomoni kama mtu aliyemeza mbegu ya chungwa. Hajawahi kuvaa saa mkononi, na hajawahi kuchelewa popote. Hata watoto aliwazaa bila kupitisha tarehe.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo, ametulia sebuleni mchana kweupe, sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, inaungua jikoni, moshi unatoka mpaka mbuzi wanapiga chafya, naye hasikii harufu wala hasikii mimi ninavyomwita. Yuko ndani ya gemu.

Nilifanya kazi bandarini Mombasa miaka yangu yote ya nguvu. Nyumbani nilikuja kama wanavyokuja wanaume wengi wa kwetu: Desemba, mazishi, na mara moja moja mvua ikinyesha vizuri. Mke wangu ndiye aliyekaa. Yeye ndiye aliyepanda ndengu na mbaazi, akachimba mitaro ya shamba na kikundi chake cha mwethya, wale wanawake wanaolimiana kwa zamu, akasomesha watoto, akamzika mama yangu nikiwa njiani. Mimi nilipokuwa nikilala kule Pwani kwenye joto, nilikuwa na picha moja kichwani: nimestaafu, tumekaa barazani, tunamenya machungwa, na mke wangu ananisikiliza. Nilikuwa na hadithi nyingi za bandarini ambazo sijamsimulia mtu. Nilizitunza makusudi.

Nilistaafu. Nikarudi. Machungwa yalikuwepo, baraza lilikuwepo, mke hakuwepo. Yaani alikuwepo, lakini alikuwa ng'ambo ya mto.

Mto wenyewe uliletwa na kitindamimba wetu. Alipopata kazi ya ualimu Zombe, upande wa Kitui, alisema chumba alichopanga kule ni kidogo, na tena mwalimu mgeni akionekana na mashine ya gemu, wanafunzi watamzoea. Akaiunganisha na televisheni yetu. Akampa mama yake kile kidude cha kushikwa kwa mikono miwili, akamwonyesha cha kubonyeza ili utembee na cha kubonyeza ili uchukue kitu. Mimi aliniambia tu, "Baba, wewe hii hutaipenda." Sijui alijuaje.

Nitaeleza jinsi gemu lenyewe lilivyo, maana nimelitazama kutoka mlango wa jikoni zaidi kuliko nilivyotazama kitu chochote. Unashuka kwenye bonde usilolijua, mikono mitupu, una shoka tu. Unakata miti, unajenga. Unalima. Kuna milima nyuma, na ukiifuata unakuta mapango, na ukipita mapango unakuta bahari, na hakuna anayekukataza kwenda. Mke wangu alijichagulia mwanamke mwembamba mwenye kitambaa chekundu kichwani, akampeleka kila mahali. Mwanamke ambaye safari yake ndefu kuliko zote maishani ilikuwa kwenda Sultan Hamud kununua sare za shule, sasa ananiambia kwenye chakula, "Leo nimefika mpaka mwisho wa theluji." Nimeishi Mombasa. Meli nimeziona kutoka kila upande wa dunia. Theluji sijaiona.

Na mle ndani mvua inanyesha. Hiyo ilinikera peke yake. Huku kwetu vuli ilikuwa imetudanganya tena, mawingu yanakuja mpaka juu ya bati kisha yanaenda kwa wengine, nami namwona mke wangu anatembeza yule mwanamke wake kwenye mvua, polepole, bila kukimbilia kuanua kitu. Mvua ya kwetu ikija, yeye ndiye hukimbia: mahindi yako juani, kuni ziko nje, mapipa hayajawekwa chini ya mifereji. Kule anasimama tu analoa. Siku za mle ndani ni fupi, jua linachomoza na kuzama kabla chai haijapoa, kwa hiyo akikaa kidogo tu ameshaishi wiki nzima ambayo mimi simo. Anarudi kwangu jioni amechoka na ana raha, kama mtu aliyetoka harusini.

Siku ya muthokoi ndiyo iliyonifungua macho. Nilitoka shambani nikakuta moshi. Nikaitoa sufuria, chini imekuwa lami. Nikaenda sebuleni.

"Mama, chakula kimeungua."

"Si nimeweka sasa hivi?"

"Sasa hivi? Jua liko wapi?"

Akageuza kichwa kuelekea dirishani. Nilimwona akitafuta saa. Mke wangu, ambaye anaweza kuamka kwenye giza akakwambia imebaki kiasi gani kuche, alikuwa anautazama mwanga kama mgeni aliyeshushwa kituo kisicho chake. Kisha akacheka. Alicheka kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau, akaziba mdomo kwa leso na kusema, "Aiya! Nimepotea kweli kweli."

Mtu mwema angecheka naye. Mimi niliona wivu. Uliniingia pale pale, nikiwa nimeshika sufuria, na haukutoka. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na mimi nilikonda mpaka mshipi ukahitaji tundu jipya. Sikuona wivu kwa sababu ya chakula. Niliona wivu kwa sababu kumbe anaweza. Kumbe alikuwa na uwezo wa kusahau saa miaka yote hii, na hakuwahi kuutumia kwangu.

Kisha nikagundua kwamba mle ndani kuna mwanaume.

Anakaa ng'ambo ya mto. Ni mrefu, ana kofia pana, anafuga nyuki. Mizinga yake imepangwa safi, na kila mke wangu akivuka daraja anamkuta pale, na kila mara yule mtu anainua kofia na kumuuliza safari ilikuwaje. Kila mara! Mke wangu anampelekea maboga. Nilimuuliza kwa nini anampelekea maboga.

"Ni jirani. Ukimpa vitu, mnazoeana."

"Mkishazoeana?"

"Anakusaidia kazi. Anakuletea asali."

Sisi ni Wakamba. Kwetu mwanaume habebi asali kupeleka kwenye nyumba ya watu bila nia. Asali ina njia yake: inatoka kwa ukoo wa kijana kwenda kwa ukoo wa msichana, ikifuatana na mbuzi na wazee, na kila mtu anayeiona ikipita njiani anajua kinachoendelea. Waliotengeneza gemu lile wako mbali sana na hapa na huenda hawakujua. Lakini yule mtu alikuwa anajua. Nilimwona usoni.

Sina aibu kusema nilijilinganisha naye. Yeye hazeeki, mimi goti langu la kushoto linalia kabla ya baridi. Yeye anauliza safari ilikuwaje na anangoja jibu, mimi nauliza na kabla sijajibiwa nimekumbuka kisa cha kreni iliyoangusha kontena la mchele. Nilijaribu kushindana. Nilimmenyea mke wangu machungwa nikayapanga kwenye sahani, akayala bila kutazama sahani. Nilianza kumsimulia kisa cha kreni. Akasema, "Mm," kwa heshima kabisa, na kidole gumba chake hakikusimama hata kidogo. Jioni kitindamimba akapiga simu kutoka Zombe. "Baba uko poa? Nipe mama." Wakaongea mpaka simu ikapata moto. Walikuwa wanaongea juu ya daraja.

Siku ya soko, mke wangu alipoenda kuuza kunde, niliiwasha mwenyewe. Nilitaka kumwona yule mtu ana kwa ana. Kumtembeza mwanamke wa kitambaa chekundu si kazi ya mchezo; nilimgongesha ukutani, nikamwingiza zizini, nikamtumbukiza mtoni mara mbili. Mwishowe nikavuka daraja. Na yule mshenzi akainua kofia, akatabasamu, akaniuliza safari ilikuwaje. Mimi! Hakujua hata ni nani anayeongea naye. Nikatoa shoka. Nilibonyeza kila kitufe kilichopo, shoka likapita hewani, likapita hewani tena, naye anatabasamu tu, halafu akanipa asali.

Niliizima. Nikafuta kile kidude kwa shati na kukirudisha kilipokuwa.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mama pasta. Akina mama wa kanisa letu huzunguka nyumba kwa nyumba kila Alhamisi kuomba, na zamu zao zinajulikana, lakini mwenye shida kubwa husogezwa mbele. Nilimkuta mke wa pasta anapepeta ndengu. Ni mwalimu mstaafu, mama mnene wa kuheshimika, haendi mahali bila Biblia na chupa ndogo ya mafuta ya upako. Nilisimama mbali kidogo na kuvua kofia.

"Mama pasta, kuna kitu kimeingia nyumbani kwangu."

Akaweka ungo chini. "Kitu gani, mzee?"

"Kinamshika mama wa watoto. Kikimshika hajui saa. Hata ukimwita hasikii."

"Anaongea nacho?"

"Anaongea nacho. Anacheka nacho."

Akasogea karibu. "Na kuna mtu ndani yake? Anaona mtu?"

"Kuna mwanaume," nikasema. "Anamletea asali."

Kila neno lilikuwa la kweli. Sikuongeza chumvi hata punje. Kama mama pasta alielewa mambo kwa namna ambayo mtu yeyote wa Ukambani angeyaelewa, akiambiwa habari za kitu kinachoingia nyumbani na kuchukua akili ya mwanamke, mimi sikumzuia. Aliniwekea mkono begani. "Usimwambie mtu mwingine. Tutafunga tangu asubuhi, tutakuja mchana."

Walikuja wakajaza sebule nzima. Wengi walikuwa wale wale wa mwethya, wanawake waliochimba mitaro na mke wangu miaka mimi nikiwa bandarini, na nyuso zao zilikuwa za msiba. Mke wangu alitoka kuwapokea akifuta mikono, akashangaa kwa kuwa zamu yetu haikuwa imefika, lakini wageni ni wageni, akatoa viti. Wakaimba wimbo mmoja. Kisha wakaomba, na maombi hayo yalikuwa na nguvu, naapa bati lilitetemeka. Wakapaka mafuta miimo ya milango. Wakampaka mke wangu kwenye paji la uso, naye akafumba macho na kupokea, akidhani labda kuna mtu amefariki na wanatafuta njia ya kumwambia.

"Sasa, mzee," mama pasta akasema, "tuonyeshe kiliko."

Nikanyoosha kidole kwenye televisheni.

Mke wangu alitazama kidole changu, akatazama televisheni, akanitazama mimi. Sijasahau alivyonitazama. Lakini mama pasta alikuwa ameshasimama na chupa yake. Alipaka kona zote nne za televisheni, akapaka na ile mashine juu, kisha akakaa, akapanga leso yake magotini.

"Hebu washa," akamwambia mke wangu. "Tukione. Huwezi kukemea kitu usichokijua."

Alipowasha, ilikuwa inanyesha. Mvua nzuri, ya matone makubwa, inapiga paa la ile nyumba yake ya mbao. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ambaye mahindi yake yalikuwa yamekauka yakiwa na urefu wa goti, akasema polepole, "Hii mvua ni ya wapi?"

"Ni ya hapo tu," mke wangu akajibu. "Huwa inanyesha."

"Na hilo shamba ni la nani?"

"Ni langu."

Wakasogeza viti mbele. Mimi nilikuwa mlangoni, nangoja kukemea kuanze. Badala yake nikasikia sauti ya mama mwingine, kali, ya mtu aliyeona makosa: "Na mbona hapo kwa mteremko hujachimba mitaro? Mchanga wote si utaenda kwa mto?" Mwingine akasema kunde zingefanya vizuri upande ule. Mwingine akauliza kama mbuzi wapo. Mke wangu akaanza kuchimba. Sikujua kwamba gemu lile linakubali mitaro, lakini linakubali. Unachukua jembe na unachimba kila mahali unapotaka, na mitaro ile ilipofika chini ya mteremko maji yakasimama ndani yake, yanang'aa, na sebule nzima ikapiga vigelegele. Nimeishi Kalamba utoto wangu wote na uzee wangu huu. Vigelegele vya namna ile nilivisikia mara ya mwisho kwenye harusi yangu.

Wakashika kidude kwa zamu. Ndiyo, kwa zamu, mwethya kabisa: wewe chimba mpaka pale, mpe mwenzako. Mama pasta alipopewa, miwani ilishuka mpaka ncha ya pua. Simu yake ikalia mkobani, akaitazama, akaona ni pasta, akaifunika kwa leso. Kivuli cha nyumba kikavuka ua. Saa ya kufungua mfungo ikafika na kupita, na hakuna aliyeikumbuka ila mimi niliyekuwa sijafunga. Mbuzi walirudi wenyewe, wakajazana mlangoni, wakatazama ndani. Tulitazama pamoja.

Niliweka chai motoni kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama jikoni kwangu napuliza moto, natafuta mke, na huko sebuleni nasikia wanawake wote niliowaita waje wamrudishe kwangu wakiuliza, kwa kelele, nyuma ya ule mlima kuna nini.

Kisha kelele zikakatika ghafla. Nikatoka na birika.

Yule mtu alikuwa amekuja. Alikuwa amevuka daraja lake mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya mke wangu, ameshika kofia kifuani. Kwenye mkono mwingine alikuwa na mtungi wa asali uliofungwa utepe mwekundu. Maneno yakatokea chini, kwa Kiingereza, na mama pasta akayasoma kwa sauti ya darasani, akayatafsiri.

"Anasema amekaa peke yake miaka mingi. Anasema tangu huyu mama aje bondeni, siku zake zimekuwa na mwanga. Anauliza..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Anauliza kama mama angekubali alete mizinga yake upande huu. Wakae pamoja."

"Aiya, mwaitu, mama yangu," mmoja akanong'ona. "Anamchumbia."

Chini ya maneno kulikuwa na visanduku viwili vya kujibu: cha kukubali na cha kukataa. Kidude kilikuwa mikononi mwa mke wangu. Moyo wangu ulienda mbio kama wa kijana. Mnaweza kucheka, lakini nilikuwa nimesimama kwenye sebule yangu nikingoja kujua kama nitaachwa.

"Huyo amepeleka mbuzi kwa nani?" nikasema.

Wote wakageuka.

"Namuuliza! Amepeleka mbuzi kwa nani? Mimi nilipeleka mbuzi! Nilipeleka ntheo, wale mbuzi wa posa, kamili, na asali juu yake, si kamtungi kama hako. Tulipanda kile kilima na wajomba zangu jua likiwaka! Huyu amevuka kadaraja tu na utepe!"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mama pasta alicheka akiwa amefumba macho, mabega yanaruka. Mke wangu hakucheka. Hakugeuka pia, aliongea akiwa anatazama mbele.

"Ulipeleka kwa baba," akasema. "Baba ndiye alinijia jikoni, akaniuliza kama hao mbuzi wachinjwe, yaani kama nimekubali. Wewe ulikuwa nje na wazee, unakunywa. Huyu amekuja akaniuliza mimi."

Birika lilikuwa linanichoma mkono na sikuliweka chini. Sikuwa nimekosea lolote. Nilifanya kila kitu kama inavyotakiwa, wazee waliridhika, mpaka leo hakuna mtu wa ukoo wake anayeweza kunyanyua kidole. Lakini ni kweli kwamba siku ile tulionana tu kupitia mlango wazi, yeye akipita na ungo, na hatukusemezana.

Akabonyeza. Alikataa.

Yule mtu akainamisha kichwa, akavaa kofia yake, akarudi zake darajani na mtungi wake. Sijawahi kuona mgongo wa mtu ukinipendeza vile. Furaha ilinipanda mpaka masikioni. Nikagawa chai, nikamimina vikombe vimejaa pomoni, nikaongeza sukari bila kuulizwa, nikamwita mama pasta mtumishi wa Mungu mara mbili. Nilikuwa nimechaguliwa mbele ya kanisa.

"Na kwa nini umemkataa, dada?" mama pasta akauliza, akipuliza chai. "Mimi naona ni mtu mzuri. Mtaratibu. Na ana mali."

"Ni mzuri," mke wangu akasema. "Lakini akihamia, viatu vyake vitakuwa kwa mlango wangu. Ile nyumba nimejenga mwenyewe, kila ubao. Nikiingia, nafunga. Hakuna mtu anauliza chakula kiko wapi, hakuna mtu anakuja Desemba, hakuna mtu ananihadithia kitu. Ni mimi tu na mvua kwa paa. Sitaki mtu huko."

Nilidhani watacheka tena. Hakuna aliyecheka. Walitazama vikombe vyao, wanawake wote wale walioolewa kwa mbuzi na kwa pete, na yule wa karibu na dirisha akaitikia, "Ĩĩ," kwa sauti ya chini kama mtu aliyemaliza sala. Mama pasta akasema tu kwamba chai ina majani mazuri.

Waliondoka kwa haraka jua likiwa juu ya kilima, wakikumbuka wote kwa pamoja kuku na wajukuu na waume, na pale langoni niliwasikia wakipanga Alhamisi ijayo warudi kwetu. Maombi, walisema, bado hayajamalizika.

Nilibaki naye sebuleni. Alikuwa anakusanya vikombe. Nilitaka kukasirika, na sababu nilikuwa nazo, lakini hasira haikuja. Kilichokuja ni ule wivu wa zamani, na sasa haukuwa na mtu wa kumshika. Nilipokuwa na yule mwenye kofia, angalau nilikuwa na mtu wa kushindana naye. Nyumba tupu ya mbao unaipiga wapi?

"Siku ile," nikasema.

"Siku gani?"

"Ya mbuzi. Kama ningekuja jikoni mwenyewe, nikuulize. Ungesema nini?"

Aliweka vikombe mezani. Aliwaza vizuri, yeye si mtu wa kujibu ili kumaliza maneno.

"Sijui," akasema. "Siku hiyo nilikuwa msichana. Msichana angesema ndiyo hata kwa hao mbuzi."

"Na leo?"

"Leo hujaniuliza kitu."

"Nikiuliza?"

Akakaa kwenye kiti mbele yangu. Televisheni ilikuwa imezimwa. Aliunganisha mikono magotini, akanitazama usoni, na hakukuwa na ukali wowote, wala mzaha.

"Uliza," akasema.

Swali nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi, la maneno yasiyojaza kiganja, na mtoto angeweza kulitamka. Nilijua pia kwamba mwanamke aliyekaa mbele yangu hajawahi kunidanganya hata mara moja. Nikafungua kinywa, nikamuuliza tutakula nini.